Nenda kwenye shoo ambayo boneti ziko wazi

Watu wanaojua napenda magari ya zamani huwa wananiuliza shoo gani inafaa mtu atoe siku yake nzima aende, na kabla sijajibu nauliza kitu kimoja tu, hayo magari yatakuja kwa miguu yake ama yataletwa juu ya lori? Basi jibu la hilo linanitosha kabisa. Mengine yote, idadi ya magari, majina makubwa, jukwaa, muziki, kwangu yanafuata nyuma.

Nilijifunza hili taratibu. Shoo yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ndani ya ukumbi, gari zimepangwa kwa mstari, kila moja imezungushiwa kamba, taa kali juu, rangi inang'aa mpaka unajiona sura yako kwenye mlango. Mbele ya kila gari kuna kibao: jina, mwaka, saizi ya injini, basi. Mwenye gari hayupo. Boneti zimefungwa. Nilizunguka saa moja na nusu nikawa nimemaliza, nikapiga picha karibu mia mbili, na nilivyofika nyumbani usiku nazipitia nikagundua hakuna hata gari moja niliyoielewa zaidi ya nilivyokuwa naielewa asubuhi. Ziliniuma sana hizo picha, manake nilikuwa nimesubiri ile siku kwa miezi.

Ya pili ilikuwa kitu tofauti kabisa, uwanja wa nyasi, gari hazifiki hata arobaini, na ya kwanza kukutana nayo ilikuwa Peugeot 404 nyeupe, boneti iko juu na mzee ameinama anafuta oili kwa kitambaa. Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, alafu bila hata kuniuliza mi ni nani akasema, "Sogea mwanangu uone, injini yake imelala." Na kweli imelala! Injini ya 404 haijasimama wima, imeinamishwa nyuzi 45 upande mmoja ili boneti iweze kukaa chini na uzito usiwe juu. Mi nilikuwa najua historia ya hiyo gari, najua ilishinda Safari Rally 1963 na tena 1966, 1967 na 1968, lakini nilikuwa najua kama mtu anavyojua tarehe za shuleni. Mzee akaingia ndani akapiga stata, akaniambia niweke sikio upande wa kabureta nisikilize inavyovuta hewa, alafu akanionyesha gea ya kwenye usukani inavyoingia, na akanieleza sauti ya vavu ikianza kulegea inakuwaje ukilinganisha na ile niliyokuwa naisikia pale. Tulikaa pale karibu dakika arobaini. Ile ndo siku nilianza kupenda magari kwa kuyaelewa, kabla ya hapo nilikuwa napenda picha zake tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujalipa kiingilio angalia tangazo vizuri. Limetaja muda wa magari kuwasili? Kuna msafara, kuna kipindi cha kuwasha injini, kuna sehemu magari yatapita mbele ya watu? Likiwa linataja tu idadi ya magari na jina la msanii atakayeimba, hapo fikiria mara mbili.

Na usidhani hii ni habari ya shoo ndogo peke yake. Shoo ya Pebble Beach kule California, ambayo imekuwepo tangu 1950 na wengi wanaihesabu kama ya juu kabisa duniani kwa mashindano ya urembo wa magari, siku chache kabla ya hukumu magari yanaenda safari ya barabarani kabisa, na gari mbili zikifungana pointi kwenye kundi lao, ile iliyomaliza safari ndo inapewa ushindi. Yaani hata pale penye magari ambayo mtu angeogopa hata kuyapumulia, bado wanataka kuona gari inatembea. Na kuna watu wanaamka usiku usiku waende kusimama pembeni gizani alfajiri wayaone tu yakiingia kwenye nyasi moja moja taa zikiwaka. Nawaelewa sana hao.

Au chukua ile safari ya magari ya zamani kule Uingereza, ya London hadi Brighton. Sheria yake ni gari iwe imetengenezwa kabla ya 1905, safari ni maili 60 hivi, inaanza Hyde Park, London, jua linapochomoza. Inakumbuka msafara wa 1896, mwaka ambao Uingereza iliondoa ile sheria ya kutaka mtu atembee kwa miguu mbele ya gari na ikapandisha spidi kutoka maili 4 kwa saa hadi 14. Sasa hebu fikiria, gari ya umri ule haina kioo cha mbele, breki zake ni za kuombea, lakini inatoka yenyewe na wengine wanaharibikia njiani na watu wanasimama kuwasaidia. Goodwood Revival, mashindano ya magari ya zamani huko huko Uingereza, ilianza 1998, wao wanashindana kabisa kwenye ile ile barabara ya mashindano iliyotumika kati ya 1948 na 1966, magari ya thamani kubwa yanagusana bampa kwenye kona. Kuna wanaosema ni uharibifu. Mi nasema gari ya mashindano iliyofungiwa kabatini imeshakufa tayari.

Kitu cha pili ninachoangalia ni kama kuna magari ambayo hayajaguswa. Rangi ile ile ya kiwandani imefifia, siti imepasuka kidogo, usukani umelainika pale mkono wa dereva ulipokuwa unakaa miaka yote. Watu wengi wanapita haraka kwenye hizi gari wanakimbilia ile nyekundu inayong'aa pembeni, na mi huwa naumia nikiona hivo, manake gari unaweza ukaipiga rangi upya mara kumi lakini ile ya kwanza ikishatoka haitarudi tena milele. Gari iliyotengenezwa upya inakuonyesha ufundi wa huyo aliyeitengeneza, na naheshimu sana ufundi huo, kunyoosha bodi mpaka nafasi kati ya mlango na bodi iwe sawa juu hadi chini ni kazi ya miezi. Ila ile ambayo haijaguswa inakuonyesha kiwanda kilifanyaje kazi siku hiyo. Na mara nyingine unashangaa kiwanda chenyewe hakikuwa makini kama hawa mafundi wa leo, unaona rangi imemwagikia chini ya boneti, mstari wa welding umepinda. Shoo nzuri inakuwa na zote mbili karibu karibu ili ulinganishe kwa macho yako.

Hapo ndo inabidi uiname. Kwa kweli watu hawainami! Land Rover ya kwanza, ya 1948, bodi yake ni ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo ukiiangalia kwa juu unaweza ukaona bodi safi haina kutu ukasema gari nzima, lakini chesisi chini ni ya chuma na huko ndo kutu inakula kimya kimya. Ukiinama unaiona gari ya pili. Na ukiona chini ya gari kuna tone la oili au mwenyewe ameweka kikaratasi cha kudakia oili, usicheke, mara nyingi hiyo ni gari inayotumika.

Alafu mchanganyiko. Shoo ya magari ya bei ya kutisha tupu inachosha haraka, nimeliona hilo mara nyingi. Mi nataka nione gari ya tajiri imepaki pembeni ya gari ya mwalimu. Nataka Mercedes-Benz 300 SL, ile ya 1954 yenye milango inayofunguka juu kama mabawa, na mtu anieleze kwamba milango haikuwekwa hivo kwa urembo, ni kwamba fremu yake ya mabomba inapita juu sana pembeni kiasi kwamba mlango wa kawaida haukuwa na pa kukaa. Alafu hatua tatu mbele nikute Mini ya 1959, kazi ya Alec Issigonis, matairi ya inchi 10, injini imekaa kwa upana na gea boksi iko chini yake wanatumia oili moja, yote hiyo ili watu wanne wapate pa kukaa kwenye gari fupi namna ile. Ukiangalia hizo mbili kwa pamoja utagundua walikuwa wanasumbuka na kitu kimoja, nafasi, ila kila mmoja alikuwa na shida yake.

Ukiwa na mtoto mpeleke kwenye Volkswagen Beetle kwanza. Sio kwa sababu ni nzuri tu, muombe mwenye gari amfungulie mbele, mtoto ashangae injini haipo, kumbe iko nyuma, alafu muulize kama ni ile ambayo maji ya kusafishia kioo yanasukumwa na upepo wa tairi la spea. Kuna kamrija kanatoka kwenye tairi la spea kanaenda kwenye tenki la maji. Sijawahi kuona mtoto asiyecheka na hiyo. Alafu kama kuna Citroën DS subirini hapo hapo mpaka mwenyewe aiwashe, manake hiyo gari ikiwa imezimwa muda mrefu inalala chini kama ng'ombe aliyepumzika, na ikiwashwa inajiinua yenyewe taratibu kwa mafuta yenye presha. Ilizinduliwa Paris 1955 na siku ya kwanza ilipata oda zipatazo 12,000, na ukiiona inanyanyuka unaelewa wale watu waliona nini.

Sasa adabu, nitasema kwa kifupi ila ni muhimu sana. Usiguse bila ruhusa, hata kwa kidole, hata kama umenawa. Begi livae kifuani usilivae mgongoni, nimeshuhudia zipu ya begi ikichora mstari kwenye mlango ambao mtu aliupiga rangi kwa mikono yake, na yule aliyebeba wala hakujua, akaendelea na safari. Mwenye gari hakupiga kelele, alikaa tu chini kwenye kiti chake akanyamaza, na siku yake ikaishia pale. Usiegemee ukipiga picha. Na swali la bei liache, au liwe la mwisho kabisa. Muulize "uliipataje?" Hilo swali linafungua kila kitu, utaambiwa ilikuwa ya babu, ilikuwa imeota majani nyuma ya gereji, ilikaa miaka haina kichwa cha injini kwa sababu spea haikupatikana. Na ukiona kasoro, bampa sio ya mwaka wake au taa zimebadilishwa, usimwambie kana kwamba umemkamata, anajua kuliko wewe, ameangalia hiyo bampa kila siku kwa miaka.

Majaji wakipita wafuate kwa nyuma, sogea usikie. Utajifunza kwa saa moja mambo ya mwaka mzima, wanataka taa ziwake, honi ilie, namba ya injini ilingane na ya kiwandani, na hata klipu za mipira ya maji ziwe za aina ya miaka ile.

Kwenye meza za spea pia usipite haraka kama wengi wanavyofanya. Kabureta zilizochoka, kofia za distribyuta, taa za nyuma moja moja, vitabu vya ufundi vyenye alama za vidole vya oili. Hata kama huna gari ya zamani simama hapo, manake hapo ndo mafundi wazee wanakusanyika na maongezi yao ni bora kuliko maelezo ya kwenye kipaza sauti. Nilishamuona fundi ameshika kifaa kidogo cha shaba, wenzake watatu wanabishana ni cha gari gani, na alipofika mtu wa nne akakitazama mara moja akasema na wote wakanyamaza.

Fika mapema, gari zikiwa zinaingia. Ila na kuondoka usiwe wa kwanza. Watu wengi wanaondoka baada ya zawadi kutolewa wakikimbia foleni, na wanakosa ile nusu saa ninayoipenda mimi kuliko zote, pale uwanja mzima unapowashwa. Injini zimepoa, choki zinavutwa, moshi kidogo, harufu ya petroli, kila moja inaamka na kikohozi chake. Na kila mara kuna moja inakataa. Mara ya mwisho ilikuwa gari ndogo ya kijani, stata inazunguka weee mpaka betri ikachoka kabisa, na mwenye gari akatoka akasimama tu. Basi tukajikuta watu saba hatujuani, mmoja ameshika kombe lake mkononi bado, tukaanza kusukuma kwenye nyasi, mama mmoja mbele anapiga kelele "gea ya pili, gea ya pili, achia klachi!" na ilivyoshika ikaruka mbele ikatuacha na moshi, jamaa hakuthubutu kusimama isije ikazima, akatoa mkono dirishani akaendelea kuupunga mpaka getini.