Homa, viungo, na malaria haipo: niripoti bila kipimo?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo ya kibinafsi huku Kisauni. Tangu Jumatatu nimepokea watu 7 wenye homa kali, macho yanayouma kwa ndani na viungo vilivyokaza. Mmoja aliletwa amebebwa. Nimewapima malaria wote, hakuna aliyekuwa nayo. Kati yao 3 wanakaa ploti moja. Nashuku dengi au chikungunya, ila kipimo chake sina, na mwenye kliniki asema tukipiga simu kabla ya kuwa na hakika, watu watatukimbia. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Piga simu leo, kabla hujafunga mlango.

Kuwa na hakika si kazi yako. Kazi yako ni kushuku na kusema. Magonjwa ya aina hii huripotiwa ndani ya saa 24 tangu uyashuku, iwe kituo ni cha serikali au cha mtu binafsi. Wa kumpigia ni mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo yako. Sisi twawaita watu wa savelansi. Kaunti yetu ya Mombasa ina kaunti ndogo 6, na Kisauni ni mojawapo, kwa hiyo usijisumbue kuvuka hadi mjini. Kama namba yake huna, mwulize msimamizi wa kituo cha serikali kilicho karibu nawe, au piga 719, ya Wizara ya Afya, haina malipo. Wao ndio watakaopanga damu ichukuliwe na ipelekwe maabara inayoweza kuipima.

Nakuhimiza kwa sababu yalinifika. Mwaka 2013, dengi ilipoenea hapa Mombasa, nilikuwa zamu ya mchana katika zahanati. Kwenye rejista niliandika “homa”, mstari wa chini “homa”, na wa chini yake tena. Dawa za malaria nilizitoa hata kwa wasio na malaria. Wenzangu wa zahanati nyingine nao walikuwa na wagonjwa wao watano watano, kila mmoja amenyamaza na wake. Kisha akarudi mama mmoja ufizi wamtoka damu, na siku mbili nyuma mimi ndiye niliyemdunga diklofenaki ya maumivu. Alipona, alhamdulillahi. Lakini ile sindano naiona mkononi mwangu hadi leo.

Basi hilo lisingoje majibu ya maabara: maadamu dengi haijaondolewa shaka, usitoe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Toa parasetamoli, na wanywe sana, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, uji, madafu. Waambie warudi upesi wakiumwa tumbo kwa nguvu, wakitapika mfululizo, wakitoka damu au wakilegea. Na watahadharishe hasa homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Watu hudhani wamepona, kumbe ndio wakati wenyewe wa hatari.

Hao 3 wa ploti moja ndio ushahidi wako mkubwa. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, haruki mbali, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Maji yetu ya mfereji mwayajua, leo yapo kesho hayapo, na kila chumba kina pipa na mitungi. Humo ndimo anamozaa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, maana mayai hung'ang'ania ukuta wa pipa na hustahimili ukavu kwa miezi. Lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kisha lifunikwe. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo apite nyumba kwa nyumba, lakini hatakwenda asipoambiwa, na hataambiwa ukinyamaza.

(Chikungunya ni neno la Kimakonde, la mtu aliyekunjika kwa maumivu. Ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Huyo wako aliyebebwa, jina limemkaa.)

Kuhusu wateja, mwambie tajiri wako hivi: jina la mgonjwa huenda ofisi ya afya tu, halipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Andika orodha leo: umri, anakokaa, siku homa ilipoanza, kipimo cha malaria kilisema nini. Siku ya kuanza homa usiisahau, kwani maabara huchagua kipimo kwa hiyo. Na ripoti ya wiki, ile fomu ya MOH 505 ya Wizara, inayohesabu Jumatatu hadi Jumapili, ijazwe hata wiki usiyopata mgonjwa. Andika sifuri, kwani nafasi tupu haisemi kama hakuna mgonjwa au hakuna aliyejaza.

Wakija kuchukua damu, waulize majibu yatarudi kwa nani, na namba yake uibandike ukutani pale unapodungia sindano.