Ukindu kwanza, ilhamu baadaye

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu waliokwisha kukabidhi ofisi, wamelea wakamaliza, na sasa wanataka kutengeneza kitu kwa mikono yao. Karibuni. Nimechagua chache. Zile zinazoomba "mchoro wowote mzuri wa kuanzia" nimeziweka pembeni, kama nilivyoziweka mwezi uliopita.

Shikamoo Mwalimu. Nimestaafu baada ya kufundisha hisabati maisha yangu yote. Muda ninao, na nyuma ya nyumba nina bustani ndogo, lakini kila nikikaa nifanye sanaa kichwa kinakuwa kitupu. Ilhamu naipata wapi? (Mstaafu, Morogoro)

Marahaba. Swali hili haliishi kuja, na kila anayeliuliza huwa amekaa mbele ya karatasi nyeupe, mkononi hana kitu, anasubiri kushukiwa. Ondoka hapo. Umenitajia bustani bila kunitajia hata mmea mmoja uliomo, na ugonjwa wako uko hapohapo.

Mwaka 1772 mama mmoja wa Kiingereza, Mary Delany, mjane wa miaka 72, alikuwa nyumbani kwa rafiki yake akaona kipande cha karatasi nyekundu kimefanana kabisa na rangi ya ua lililokuwa karibu yake. Akachukua mkasi, akaikata ile karatasi petali kwa petali. Akaendelea hivyo miaka kumi hivi, mpaka macho yalipomgomea. Aliacha maua ya karatasi karibu elfu moja, yamebandikwa juu ya karatasi nyeusi, mengine yakiwa na vipande mamia kwa ua moja, na majina ya kitaalamu ya mimea yameandikwa. Leo yamehifadhiwa British Museum, London.

Watu wakisikia kisa hiki husema: ona, alianza ana miaka 72! Hakuanza. Alikuwa ametarizi tangu ujana, amepamba vyumba kwa makombe ya pwani, amelima bustani na mumewe kule Ireland, amekata karatasi za kila namna. Ile karatasi nyekundu ilimkuta mkono wake uko kazini. Ingemkuta mtu ambaye hajawahi kulitazama ua kwa zaidi ya dakika moja, ingefagiliwa pamoja na takataka nyingine.

Basi niambie, wewe mkono wako umezoea nini? Hesabu. Ukili, ule mshipi unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, ni hesabu tupu: chane moja ikipita juu mahali pa kupita chini, utaliona kosa hilo mpaka mwisho wa pima, na kila atakayekalia mkeka ataliona. Tafuta mama anayesuka hapo mtaani, wapo, ukakae naye. Na huko bustanini chagua mmea mmoja, usizidishe, uufuate kutoka chipukizi hadi mbegu. Hata mpapai unatosha. Mti unaokuficha kama ni dume au jike mpaka siku utakapotoa maua, utakosaje cha kusema juu yake?

Jambo jingine, hukuniuliza lakini nakuambia. Kiinua mgongo chako kisiende kwenye brashi za bei mbaya, wala kwenye semina za siku mbili za "kuamsha kipaji". Wanaoziuza wanajua mwezi mliolipwa.

Mwalimu, mimi ni mwanamume wa miaka 66. Watu watanionaje nikikaa barazani nasuka? (Mzee wa Pangani)

Madema ya samaki hapo Pangani yanasukwa na nani?

Bibi, nasuka mikeka tangu utotoni. Rangi za unga za dukani zimenichosha, kila mkeka ni pinki na kijani kilekile. Bustani inaweza kunipa rangi? (Msukaji, Wete)

Inaweza, na hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote.

Habari ya ukindu wenyewe, hayo majani ya mkindu, unaijua, ila nawakumbusha wengine kwa sababu barua zenu zinaonyesha mnaruka hatua: ukindu wa kutia rangi ukatwe ungali mchanga, haujakunjuka, uchanwe, uanikwe mpaka uwe mweupe. Ukiutia rangi ungali kijani utapata uchafu tu.

Manjano unayo jikoni. Yatwange mabichi, yachemshe, chuja, kisha tia ukindu uliokwisha kulowekwa, moto uwe mdogo. Utatoka njano ya kuumiza macho. Sasa chota maji hayohayo kwenye sufuria nyingine, utie magadi kidogo, uone yanavyogeuka kuwa mekundu ya tofali. Dawa moja, rangi mbili, na hujatoka jikoni. Mzingefuri ukiwa nao uani, zile mbegu zake nyekundu zitakupa rangi ya chungwa. Maji matupu hayaitoi vizuri, nazo pia zinataka magadi. Nyeusi ya zamani ilitoka kwenye mizizi ya mdaa. Shabu husaidia rangi nyingi kushika, hivyo kuwa nayo ndani, na sufuria ya rangi isirudi tena kupika wali.

Sasa maonyo. Manjano huliwa na jua, hata ukiyatia shabu. Mkeka wa manjano ni wa chumbani, usiuanike uani ukaja kunilaumu, na usimwambie mteja kwamba rangi haitoki. Mdaa, ukichimba mizizi yote umeua mti. Chukua upande mmoja, ufukie, uuache upone. Na gome la mkoko msiniulize. Najua linatoa rangi nzuri ya kahawia, wazee wetu wamelitumia, lakini mkoko ukizungushiwa panga gome lote likabanduka, unakufa umesimama. Pwani zetu zina vidonda vya kutosha. Mwenye hamu ya kahawia achanganye na alichonacho nyumbani.

Fanya jaribio kwa ukindu kidogo, kila rangi fungu moja, na kila fungu ulifungie karatasi yenye maandishi: nini, kiasi gani, umechemsha muda gani. Mabibi zetu waliyaweka haya kichwani, wakaondoka nayo. Leo tunabahatisha vitu walivyovijua wakiwa wamefumba macho.

Vidole vinaniuma, viungo vimevimba, na macho hayaoni tena tundu la sindano. Nimeshona kofia za mkono tangu nikiwa mwari. Ndiyo mwisho wangu? (Bi Mkubwa, Lamu)

Shikamoo, Bi Mkubwa. Mwisho wa kofia, pengine. Mwisho wako, la.

Marekani alikuwepo bibi mkulima, Anna Mary Robertson Moses, aliyezaliwa 1860. Alikuwa akitarizi picha kwa nyuzi za sufu. Baridi yabisi ilipomkamata vidole, sindano ikawa adhabu, akashika brashi, maana brashi hushikwa hata na mkono mgumu. Alikuwa anaukaribia umri wa miaka 80. Mwaka 1938 picha zake zilikuwa zinauzwa kwenye dirisha la duka la dawa la mji mdogo kwa dola chache, mpita njia mmoja mkusanyaji akaziona, na huyo bibi akachora mpaka alipofariki 1961, ana miaka 101. Alichora nini? Kupika sabuni, kukusanya utomvu wa miti wa kutengenezea sukari, kuvuna, theluji ya kwao. Kazi za nyumbani alizozifanya kwa mikono hiyohiyo. Hakwenda kutafuta mandhari ya ajabu.

Wewe una nakshi za kofia kichwani ambazo vijana hapo Lamu hawazijui. Acha tundu dogo, chora nakshi hizo kubwa kwenye karatasi au kitambaa kipana, mtoto mwenye macho ashone. Nakshi ni yako, sindano yake.

Lakini kwanza macho. Ukungu huo ukiwa ni mtoto wa jicho, unatolewa hospitali, watu wanarudi wakiona. Miwani ya kuokota kwenye meza za barabarani haikupimwa kwa macho yako, na dawa ya jicho ya mitishamba ya jirani usiikubali hata akiapa. Nimeona jicho zima likipotea hivyo, na aliyetoa dawa bado anagawa.

Wajukuu zangu wako kwenye simu tu. Niwafanyeje wapende kazi ya mikono? (Nyanya, Mombasa)

Usiwafanye wapende chochote. Wewe ulipenda ulipowekwa chini umchanie bibi yako ukindu? Ulichukia, ukatamani kwenda kucheza, na leo vidole vyako vinajua. Mpe mtoto kazi ya pembeni: kuchana, kupanga chane kwa urefu, kukoroga rangi. Kusuka ataomba mwenyewe akiona wewe unakwenda mbele na yeye amebaki kwenye kuchana. Esther Mahlangu, yule mama wa Kindebele wa Afrika Kusini aliyekuja kupaka gari la BMW nakshi za kwao mwaka 1991, alianza akiwa mtoto wa miaka kumi hivi kwa kuchorachora ukuta wa nyuma wakati mama na bibi yake wakifanya ule wa mbele.

Simu nayo ina kazi yake. Mwambie mjukuu akurekodi mikono ukisuka, sauti ikieleza. Nina ugomvi na kitu kimoja tu: picha za mitandaoni za kuiga. Mnaniletea mikoba yenye nakshi za nchi msizozijua, iliyosukwa na mtu mwenye mmea mwingine kabisa, mnaniuliza kwa nini ukindu wenu unakatika. Unakatika kwa sababu si ukindu uliokuwa kwenye picha.

Na familia ni zaidi ya kufundisha wajukuu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mgonjwa, aliketi akamtungia binti yake utendi wa wosia. Hakuanza na wasomaji. Alianza na binti aliyekuwa na mambo ya kumwambia. Ukikosa wazo, jiulize kazi hii ni ya nani nyumbani. Mkeka wa "mtu yeyote" na mkeka wa mjukuu anayeolewa havisukwi sawa, hata uchaguzi wa rangi unabadilika.

Naishi ghorofani Kariakoo, nina kibaraza tu. Nipande nini? (Mama Ghorofa)

Mrehani na asumini, kwenye ndoo zilizotobolewa chini. Asumini inataka jua na kitu cha kutambalia, kamba inatosha. Matumba yake yachumwe jioni, yakiwa bado yamefumba, maana hufunguka usiku. Ukingoja asubuhi umechelewa. Waridi likikubali, ongeza. Hapo una kila kitu cha kufunga kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia cha kujipamba, na kufunga kikuba ni sanaa kamili: rangi, umbo, harufu, na inakufa kesho yake, kwa hiyo unafanya tena. Sijui kwa nini wenye vibaraza mnanunua maua ya plastiki.

Mteja anasema mkeka wangu ghali kuliko wa plastiki. Nishushe bei? (Mjasiriamali, Tanga)

Usishushe. Mwelekeze kwenye duka la plastiki, kwa upole.

Halafu nenda nyumbani ukafanye kitu ambacho nina hakika hujafanya: andika saa. Za kukata, kuchana, kuanika, kutia rangi, kusuka kila pima, kushona. Wengi mnahesabu bei ya rangi na nauli, na mikono mnaitoa bure. Mchuuzi anayekuja mlangoni na pesa taslimu anajua hujahesabu. Nimewahi kuuona mkeka ninaoujua mkono wake kwenye duka la watalii, bei yake imezidi mara nyingi ile aliyolipwa mama aliyeusuka, na muuzaji hakujua hata kijiji ulikotoka.

Wateja wabaya kuliko wote ni ndugu. "Nisukie na mimi, shangazi" maana yake bure. Zawadi utatoa, ndiyo, nami natoa. Lakini amua mwenyewe nani na lini, usiamuliwe na simu ya jioni. Na ukitoa, mtajie bei yake halisi, ajue alichokalia.

Nitumie pateni Mwalimu.

Hapana.

Assalam alaikum Bibi. Mama yangu, Mungu amrehemu, ameacha kofia aliyokuwa akiishona, imefika nusu. Niko Muscat, nilifundishwa naye kushona lakini si kwa usafi wake. Niimalize au niiweke hivyo hivyo? (Binti, Muscat)

Waalaikum salaam, mwanangu. Pole sana.

Imalize. Kofia ilikusudiwa kichwa cha mtu, na huko uliko hutakosa anayejua kuithamini; kofia za Oman na hizi zetu ni ndugu. Ila usianze leo. Ipige picha nje na ndani, hasa ndani, maana siri ya mshonaji iko upande wa nyuma: anafungaje uzi, anarukaje kutoka tundu hadi tundu. Kisha chukua kitambaa cha namna hiyohiyo, chora kipande cha nakshi yake, ushone hicho mpaka upande wako wa nyuma ukaribie wake. Hautafanana. Usifumue mishono yake ya mwisho kwa sababu inaonekana kuregea. Mgonjwa alishona hivyo, iache.

Kwa sehemu yako tumia uzi wa rangi iliyofifia kidogo kuliko wake. Kwa mbali kofia itakuwa moja, na atakayeishika ataona mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Wapo watakaokuambia hilo ni kasoro. Usiwasikilize.

Ukipata shida ya kuulinganisha uzi niandikie, unitajie unene wake na kama ni wa pamba. Wa nailoni usiutumie, utakata kitambaa.