Kabla hujamtoa mtoto shule umfundishe nyumbani, msikilize Mama Kulwa

Mwangaluka wapendwa.

Juzi usiku dada mmoja wa Igoma, hapa hapa Mwanza, kaniandikia: "Mama Kulwa, nimeona matokeo ya mwanao ya darasa la nne. Na mimi nataka kumtoa wangu shule nimfundishe mwenyewe. Nianzie wapi?" Nilitaka kumjibu mistari miwili, nikaandika mpaka simu ikazima. Acha niyaweke hapa, maana najua mko wengi mnaolitaka jambo hili ila mnaogopa kulisema mbele ya wakwe.

Ndiyo, Kulwa kapata B. Nimeiweka status, nimeituma kwenye kundi la ukoo, na nitaituma tena. Kuna watu nilitaka waione.

Wanangu ni pacha. Doto mzima kama chuma, Kulwa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu (sickle cell). Darasa la pili walikaa watoto 94 chumba kimoja, na mwenzangu anayejua ugonjwa huu anaelewa: mtoto anatakiwa anywe maji mara kwa mara, akinywa maji atataka kutoka nje, akitaka kutoka anaambiwa msumbufu. Asubuhi za mvua, upepo wa ziwa ukipanda huku Buhongwa, mifupa inamuuma anakunja magoti kitandani. Muhula mmoja tulilala wodini Bugando mara tatu. Aliporudi darasani mara ya tatu, mwalimu wake akaniambia mbele ya watoto, "Mama, tusidanganyane, huyu mpumzishe tu." Mpumzishe! Kama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Nikamtoa. Usiku nikaingia mtandaoni, nikakutana na kina mama wa Marekani wanaofundisha watoto nyumbani, meza safi, ramani ukutani. Nikasoma kwamba New York mzazi anapeleka taarifa ya kusudio kwa maandishi, anaandaa mpango wa masomo, anatoa ripoti kila robo mwaka, na mtoto wa madarasa ya chini anatakiwa afikishe saa 900 kwa mwaka. Texas wao hata taarifa hawadai. Shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi. Nikasema mimi si mtu wa njia za panya, nitafuata ya New York. Nikaandika barua ya kusudio, nikaipiga chapa duka la stesheneri pale mjini, nikampelekea Afisa Elimu Kata. Akaipokea vizuri tu, akagonga mhuri: IMEPOKELEWA.

Wiki mbili baadaye nikapata wito ofisini kwake. Na barua yangu ilikuwa juu ya meza.

"Mama, hii sheria umeisoma wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanifungulia Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353. Mtoto wa miaka 7 hadi 13 lazima awe ameandikishwa shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi anayemzuia anaweza kushtakiwa. Shule ya nyumbani haimo humo. Mimi, mwenye nia njema kuliko wote kata nzima, nilikuwa nimejiandikia ushahidi mwenyewe, nikausaini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, akacheka mpaka akafuta machozi. Mama mkwe habari ilimfika kabla sijafika nyumbani. Akasema namficha mtoto ndani kwa kuona aibu. Hilo, ndugu zangu, mpaka leo halijatoka kifuani.

Kwa hiyo dada wa Igoma, andikisha kwanza. Usiondoe jina kwenye rejesta. Mtihani wa taifa wa darasa la nne na ule wa kumaliza shule ya msingi hauufanyi sebuleni kwako. Baraza la Mitihani linamjua mtoto kupitia shule yake na namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Mtoto asiye na shule hana namba, na asiye na namba hana mtihani. Andikisha.

Mimi nilizunguka na barua ya daktari shule nne. Ya nne, ndogo tu, mwalimu mkuu akakubali: jina libaki kwenye rejesta, Kulwa aje siku anazoweza, nakala za kliniki zikae kwenye faili lake, mitihani ya mwezi na ya muhula afanyie pale pale kwenye dawati. Afisa Elimu Kata akaandikiwa, safari hii na shule, si na mimi. Siku nyingine zote nafundisha mwenyewe. Wapo wanaosema hiyo siyo shule ya nyumbani halisi. Waje wanionyeshe halisi yao, na wito wao.

Kuhusu vitabu, nilikosea tena. Nilinunua vya darasa la tatu kwa bei ya kutupa mwishoni mwa 2023, nikajiona mjanja. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza, na darasa la tatu lilikuwemo. Vikafungia dagaa. Vya mtaala mpya viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu; unahitaji bando na subira.

Ubao wetu ni jiwe. Mnaoishi Mwanza mnajua, nyuma ya nyumba yangu limekaa jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Kulwa anaandika kwa chaki upande wenye kivuli, chupa ya maji pembeni. Hesabu tunafanya za biashara yangu: debe moja la dagaa ni sado tano, mteja kataka madebe mawili na sado tatu, ni sado ngapi zote? Mvua ikinyesha inafuta kila kitu. Siku ya kwanza alilia, sasa anasema, "Mama, mwalimu mvua kasahihisha."

Wazazi tuambizane ukweli. Huwezi kumfundisha mtoto huku unachungulia simu. Ukipanga saa mbili za masomo, ni saa mbili. Huwezi kumtoa shule kwa hasira, kwa sababu umegombana na mwalimu, halafu wiki ya tatu umchoke umtume dukani mchana kutwa. Utakuwa umefanya kibaya kuliko yule mwalimu. Na andikisha, nimeshasema.

Doto yeye kapata C. Siku ya matokeo nilipiga vigelegele mpaka jirani akatoka, halafu nikamwona kasimama mlangoni na sare yake. Hakusema kitu. Jioni nilikuta kaandika jina lake kwenye jiwe, upande wa Kulwa, kwa herufi kubwa. Sasa Jumamosi nawafundisha wote wawili, na Kulwa ndiye anayejifanya mwalimu mkuu.

Dada, ukipata nafasi panda daladala uje Buhongwa tuzungumze. Barua yangu ya New York bado ninayo, na mhuri wake. Utacheka, lakini usiinakili.