Hamu ya Biashara Niliipata kwa Mama Mdogo, Si Darasani

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniandikia akiuliza kama hamu ya kujiajiri mtu huzaliwa nayo au hufundishwa chuoni. Swali hilo limenikaa moyoni, kwa sababu jibu lake nililipata kwa kugharamika.

Somo la ujasiriamali nililisoma muhula mzima na nikalifaulu vizuri, lakini halikunisukuma kuuza hata peremende. Kilichonisukuma ni miaka niliyoishi Ilala kwa mama mdogo, aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda soko la Karume kuwahi belo la viatu vya mitumba likifunguliwa, na jioni akigawa noti mezani mafungu matatu, la mtaji, la kodi ya chumba na la chakula. Fungu la mtaji halikuguswa hata usiku tuliolala na chai kavu.

Mwaka wa pili wa chuo, bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilipoingia, nilitenga shilingi 150,000, nikanunua jozi 15 na kuziuza hosteli. Jozi tisa niliwakopesha rafiki zangu, na hadi tunahitimu nilikuwa nimelipwa nne tu. Hasara hiyo niliimudu. Kilichoniumiza, na kinaniuma hadi leo, ni baba kuniuliza mbele ya wageni kama alinipeleka chuo kusoma au kuuza viatu. Leo nina duka na vijana wawili ninaowalipa kila mwezi, na baba hajawahi kulirudia neno lile.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wenu mna akili ya biashara, ila nyumbani mmefundishwa kwamba shahada ni tiketi ya ofisi, na waliowazunguka hawajawahi kuwaonyesha daftari la mauzo. Mtafuteni mtu anayeuza kweli, mkae naye, mwone anavyohesabu. Msikopeshe rafiki. Fungu la mtaji msiliguse. Ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vijana, iombeni katika vikundi mkiwa tayari mmeshauza kitu, kwa maana mkopo humkuza anayeuza, haumwamshi aliyelala. Narudia, rafiki asikopeshwe.

Mwanafunzi aliyeniandikia nimemwomba aje Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, twende naye Karume kabla belo halijafunguliwa.