Nguzo imesimama katikati ya barabara

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msimamizi msaidizi kwenye mradi wa barabara hapa Dar. Wiki ya sita sasa nguzo ya umeme imeziba njia, na chini yake kuna bomba la maji. Kila ofisi inajibu, “barua tumeipata.” Mkandarasi ameanza kudai muda wa ziada. Nifanyeje?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua haing’oi nguzo. Enzi zangu saiti tuliandika barua 11 kwa bomba moja. Lilihama siku tulipowakutanisha watu wa maji, wa umeme na mkandarasi palepale shimoni, juani, kila mmoja akasaini tarehe yake. Muhtasari niliuandikia juu ya boneti ya pikapu, na doa la chai likabaki. Hakikisha anakuja mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo. Fundi huwa yuko tayari, kinachochelewa ni saini.

Madai ya mkandarasi usiyapuuze. Fungua mkataba leo, soma siku zilizowekwa za kutoa taarifa ya madai, kisha mjibu kwa maandishi.

Unakumbuka mabasi yaendayo haraka? Yalianza Mei 2016, karakana ikiwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, na mafuriko yakaifuata hukohuko. Basi na wewe uliza mapema kuhusu eneo la kazi, kabla ya kujenga, hata kama bosi atanuna.

Kikao kiite saa moja asubuhi, kabla foleni haijawapa kisingizio.