Blogu ya mhadhiri: mambo ya kupanga kabla ya makala ya kwanza

Mhadhiri anayefungua blogu huwa na makala kumi kichwani, lakini hajajiuliza mwaka wa sita itakuwaje. Ndiyo maana nyingi huzimika ndani ya muhula mmoja. Blogu ya kitaaluma inayodumu ni ghala. Makala ya leo itasomwa na wachache. Yenye faida ni ile ya miaka mitatu iliyopita, ambayo mwanafunzi wa uzamili anaikuta usiku wa kuamkia kuwasilisha pendekezo lake, akitafuta kwa nini msimamizi amemkatalia ukubwa wa sampuli. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu yanayofuata baada ya kuandika.

Anza na anwani. Ukurasa ulio chini ya tovuti ya chuo ni wa bure na unabeba heshima ya jina la chuo, lakini tovuti za vyuo husanifiwa upya mara kwa mara, na siku hiyo viungo vyote vya zamani hufa. Mkataba wako nao una mwisho. Sajili jina la tovuti (kikoa) lililo lako mwenyewe: .com, au .me.tz kwa Tanzania na .me.ke kwa Kenya, ambazo zimetengwa kwa watu binafsi. Lipia miaka mitatu kwa mkupuo, na barua pepe ya usajili iwe yako binafsi. Ukiweka ya chuo kisha ukahama kazi, kumbusho la malipo litakwenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Jina la .com lisilolipiwa, baada ya muda wa nyongeza unaotolewa na msajili, huingia kipindi cha siku 30 ambamo unaweza kulikomboa kwa bei kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita hizo zinakuja siku 5 za kulifuta, kisha ni la yeyote atakayewahi. Mara nyingi anayewahi ni mfanyabiashara wa kamari, kwa kuwa jina lililounganishwa na kurasa za vyuo lina thamani kwenye injini za utafutaji. Wanafunzi wako wataendelea kubofya kiungo kilichomo kwenye muhtasari wa kozi na kupelekwa kwenye mikeka ya mpira.

Umbo la anwani za makala nalo liamuliwe siku ya kwanza: mwaka, kisha maneno mawili matatu, mfano /2025/ukubwa-wa-sampuli. Ukija kubadili kichwa, badili kichwa tu na anwani iache ilivyo. Ukilazimika kuhama, weka maelekezo ya kudumu ya 301, yaani amri inayompeleka msomaji yenyewe kutoka kila anwani ya zamani kwenda mpya, moja moja. Kuwarudisha wasomaji wote kwenye ukurasa wa mbele ni sawa na kuwafungia mlango. Njia nyingine ni ile ya Language Log, blogu ya wanaisimu iliyoanza mwaka 2003. Ilipohamia mfumo mpya mwaka 2008, makala za awali ziliachwa palepale kwenye anwani zake za kale. Haipendezi macho, lakini rejea zilizotaja makala hizo hazikuharibika.

Ukitumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu, elewa kwamba faili unalopata kwa kubofya kitufe cha kuhamisha maudhui lina maandishi na anwani za picha tu. Picha zenyewe hazimo. Watu hugundua hivyo siku ambayo tayari wamepoteza seva. Kila mwezi pakua faili hilo pamoja na folda ya wp-content/uploads zinamokaa picha, weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na mara moja kwa mwaka jaribu kuzifungua kwenye tovuti ya majaribio, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina uhakika. Huduma za bure hazina dhamana pia: GeoCities ilifungwa mwaka 2009, Posterous mwaka 2013.

Tuje kwenye uandishi. Kiasi kinachobebeka pamoja na vipindi na usimamizi wa tasnifu ni makala moja kila wiki mbili au tatu, maneno 600 hadi 900, swali moja kwa makala. Tenga saa tatu: moja ya rasimu, moja ya kuhakiki vyanzo na namba, moja ya picha, viungo na kusoma kwa sauti. Ikizidi saa tano, ujue umeanza kuandika makala ya jarida. Ikate, au ipeleke huko inakostahili. Usifungue blogu kabla hujawa na rasimu tano zilizokamilika, na mbili kati ya hizo zifiche mpaka msimu wa kusahihisha mitihani. Usitangaze ratiba. Msomaji asiyeahidiwa kitu kila Jumatatu hana cha kukudai ukikaa kimya mwezi mzima.

Mada zisitafutwe mbali. Ukijibu swali lilelile kwa barua pepe mara ya tatu, jibu hilo tayari ni makala. Chukua fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli, n = N/(1 + Ne²), iliyojaa kwenye tasnifu zetu: n ni sampuli, N ni idadi ya watu wote, e ni kosa linalokubalika. Kwa watu 1,200 na kosa la 0.05 inatoa 300, na mwanafunzi anaridhika. Makala nzuri itamwonyesha kwamba fomula hiyo imejengwa juu ya sampuli nasibu sahili (kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa moja kwa moja), kiwango cha kujiamini cha asilimia 95 na uwiano wa 0.5, kwa hiyo akichagua vijiji kwanza ndipo achague kaya, 300 hazimtoshi. Makala ya namna hiyo itafanya kazi miaka kumi. Maoni yako juu ya mjadala wa wiki hii yatachakaa kabla ya wikiendi.

Ushahidi kwamba kazi ya kawaida ya mhadhiri inatosha kulisha blogu uko wazi. Terence Tao, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), amekuwa akiweka mihadhara na maelezo yake kwenye blogu tangu 2007, na sehemu kubwa imetolewa kama vitabu na American Mathematical Society. Timothy Gowers wa Cambridge aliuliza kwenye blogu yake Januari 2009 kama hisabati inaweza kufanywa na kundi kubwa la watu kwa pamoja. Tatizo alilolitoa lilipata ufumbuzi ndani ya wiki chache, na makala iliyotokana nalo ikachapishwa kwa jina la pamoja, D.H.J. Polymath.

Msomaji wako yuko kwenye simu na analipia bando, na pengine kiungo amekipata kwenye kundi la WhatsApp. Kichwa kisizidi herufi 60, la sivyo kitakatwa. Picha iwe na upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya KB 150. Jedwali lisizidi safu nne. Penye kiungo cha PDF andika ukubwa wa faili. Ukiandika kwa Kiswahili, weka ukurasa mmoja wa istilahi na ushikilie neno moja kwa dhana moja. Leo sampuli, kesho kielelezo, na msomaji atadhani ni vitu viwili. Rangi na mwonekano havistahili zaidi ya jioni moja.

Penye hatari halisi ni watu wengine. Mwanafunzi usimwandike hata ukificha jina: darasa la watu kumi na wawili linamjua kabla ya aya ya pili. Ridhaa iliyosainiwa kwa ajili ya utafiti haihusu picha ya mshiriki kwenye blogu. Omba nyingine, kwa maandishi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Matokeo ambayo hayajachapishwa ni mali ya waandishi wenza wote, na baadhi ya majarida, hasa ya tiba, huweka zuio la kuyatangaza kabla ya siku ya kutoka. Kwa Tanzania kuna pia leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kuilipia shilingi milioni moja, na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Iulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu kanuni za sasa, usimuulize rafiki aliyefungua yake zamani.

Ukikosea, usifute kimyakimya. Hitilafu ya tahajia irekebishe tu, ila kosa la namba au la hoja liwekewe maelezo juu kabisa ya makala, pamoja na tarehe, yakisema nini kilikuwa kimeandikwa na nini ni sahihi. Kuna mtu ameshanukuu toleo la kwanza.

Usitegemee blogu ikupandishe cheo. Kwa kawaida kamati zikiitambua, huiweka kwenye huduma kwa jamii. Makala nzito zigeuze PDF na uziweke Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013, ambako kila moja itapewa DOI, kitambulisho cha kudumu cha kidijitali, bila malipo. Hapo inanukuliwa kama chanzo kingine chochote. Anwani muhimu unazozirejea zihifadhi kwenye Internet Archive, maktaba inayotunza nakala za kurasa za wavuti, siku hiyohiyo unapochapisha.

Siku ya kuacha ikifika, andika hivyo kwenye makala ya mwisho na uweke tarehe. Kisha geuza tovuti nzima kuwa kurasa tuli za HTML, kwa kuwa WordPress iliyotelekezwa hudukuliwa kupitia programu-jalizi (programu ndogo za nyongeza) zilizopitwa na wakati. Jina la .com linaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele. Mpe mwenzako wa idara au ndugu yako jina la kampuni ya usajili na nenosiri, kwa maandishi, na umweleze malipo yanaisha lini.