Muulize Anko Spoku: "Basi lilinitoa lami, nikaangukia majanini"

Anko Spoku, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Tabata, kwetu ni Mafinga. Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na pikipiki yangu, Boxer 150. Nimeshaipita Doma, hata hifadhi ya Mikumi sijaingia, basi linalotoka upande wa Iringa likaovateki malori mawili likanijia uso kwa uso. Nilikuwa nimejibana kushoto kabisa, juu ya ule mstari mweupe. Likapiga honi, likawasha taa kubwa, mwendo halikupunguza. Nikatoka nje ya lami nikaanguka majanini. Namshukuru Mungu nilichunika goti tu. Tangu hapo mke wangu hataki kusikia habari hizo. Mimi namwambia tatizo ni madereva, hawatabiriki. Mwaka huu niende tena, au nipande basi, pengine lilelile? — Mwalimu, Tabata

Marahaba, mwalimu, na pole ya goti. Msalimie mkeo, mwambie Anko yuko upande wake walau nusu.

Hilo la kutotabirika ndilo silikubali. Kabla sijaanza kuuza spea na kuziba pancha, nilikaa miaka 11 kwenye usukani wa semitrela, Dar hadi Tunduma, safari nyingine hadi Lubumbashi. Dereva wa njia ile anatabirika kuliko mvua za vuli. Anatabirika kwa ubaya, lakini anatabirika.

Chukua huyo wa basi lako. Basi limefungwa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo, akizidisha LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, wanamwona, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Amekwama nyuma ya malori mawili yanayotambaa na mzigo. Dakika anazopoteza pale hawezi kuzifidia mbele kwa kukimbia 110 kama zamani, kwa hiyo anachungulia, na mwanya wowote akiuona ni wake. Sasa wewe ulipoona malori mawili yamefuatana yanakuja, ulipaswa umwone na yeye, hata kama hajatokeza pua. Mimi kila nikiona lori linakuja nahesabu kwamba nyuma yake yupo mtu anataka kutoka. Naachia mafuta, naangalia kushoto kwangu pakoje. Kama hayupo, nimepoteza nini?

La pili utanisamehe, mwalimu, maana ni kosa lako. Kujibana kwenye mstari mweupe. Waendesha pikipiki wengi wanaona ndiyo heshima na ndiyo usalama. Dereva wa basi akitazama mbele anaona upande wako wa barabara uko wazi, na pembeni kuna kitu chembamba kinachoweza kusogea. Ulimwachia njia, akaichukua. Kaa katikati ya upande wako, au kulia kidogo ya hapo, taa ya mbele ikiwaka mchana kutwa. Akikuona pale anakuhesabu kama gari. Na akija hivyo hivyo, maana wapo wa kuja hivyo hivyo, bado una mita nzima ya lami ya kukimbilia kabla ya majani. Ukiwa tayari kwenye mstari, unakimbilia wapi?

Kutoka lami nako kuna namna yake. Hukuniambia uliangukaje, lakini nadhani najua: ulikamata breki ya mbele ukiwa kwenye changarawe. Breki zote zimalize ukiwa bado kwenye lami. Ukivuka ukingo, pikipiki iwe wima, mkono wa kulia utoke kwenye breki, acha mwendo uishe wenyewe, ukitaka gusa ya nyuma kidogo. Kisha usirudi kwa kuuparura ukingo ubavuni. Sehemu nyingi lami imemong'onyoka na kuacha ngazi, tairi likiukwangua linanasa na kukulaza, tena unalala ndani ya barabara. Simama, tazama nyuma, panda kwa kuukata ukingo mshazari mkali. Na basi linapokupita karibu, upepo wake unakusukuma kwanza halafu unakuvuta. Bana tenki kwa magoti, mikono ilegee. Anayekaza mikono ndiye anayeyumba.

Nikuulize kitu: uliondoka Dar alfajiri, siyo? Wote tunaondoka alfajiri. Kuanzia Chalinze kwenda Morogoro unaelekea magharibi, jua la asubuhi liko mgongoni kwako, unaona mbele safi kabisa, hadi milima ya Uluguru. Anayekuja kutoka Morogoro jua liko machoni mwake, na wewe umo ndani ya hilo jua. Kwa kuwa wewe unaona vizuri, hupati hata wazo kwamba huonekani. Hicho kipande, kati ya saa moja na saa tatu, nakiogopa kuliko mlima wa Kitonga. Mie husimama Chalinze nikanywa chai mbili.

Na Kitonga yenyewe. Mwaka mmoja nateremka pale na kontena, gia ndogo, breki zinanuka. Kwenye kona inayokata kushoto utingo wangu akapiga kelele, "Mtu! Mtu!" Nilikuwa sijamwona. Kulikuwa na kijana wa pikipiki amejipenyeza kushoto kwangu, kati ya trela na ukuta wa mlima, anataka kunipita. Kichwa cha lori kinachukua kona kwa upana, lakini magurudumu ya trela hayafuati mle mle, yanakata kwa ndani. Nilisimama, sijui hata nilisimamaje. Alitoka na kioo kimevunjika na mguu mmoja hauna kiatu, akanitukana mama yangu, akaondoka. Kutoka kwenye usukani ule ubavu wote wa kushoto ni giza. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, jua huna dereva. Wewe utakuwa unapanda, kwa hiyo lako ni lingine: lori linaloteremka kwenye kona inayokata kuliani kwake litakuletea mkia wa trela upande wako. Kona za namna hiyo zipande ukiwa umeegemea kushoto. Ndipo mahali pekee ninapokuruhusu mstari mweupe.

Ndani ya hifadhi, zile kilomita 50, mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na hakuna kusimama kupiga picha. Nyani watakuzoea haraka kuliko unavyotaka. Usiku usipite kabisa. Twiga hana taa, na tangu 2023 mabasi nayo yanaruhusiwa kusafiri usiku.

Nenda, mwalimu. Lakini Dar hadi Mafinga zinakaribia kilomita 600, usizimalize siku moja kwenye 150. Lala Morogoro. Na mkeo apande basi na mizigo, asikae nyuma yako.

Anko, habari za kazi. Nilikuwa nyuma ya lori natoka Korogwe kwenda Same na pikipiki ya 125. Dereva akawasha indiketa ya kushoto, nikajua ananiruhusu nipite. Nimefika katikati ya trela, Noah hii hapa! Nilipona kwa kuwa lori lilisogea. Kwa nini alinidanganya? — Mama Junior, Mombo

Mama Junior, hakukudanganya. Kushoto ni "pita", kulia ni "tulia, kuna kitu", lugha hiyo tumeikuta na tutaiacha. Swali ni alikuwa anaongea na nani. Pengine kwenye kioo chake aliona Land Cruiser nyuma yako, akapima kwa nguvu za Land Cruiser. Yenyewe inalimaliza trela kwa pumzi chache. Wewe na 125 yako, na nadhani ulikuwa na mzigo, unatembea 70, lori 60. Hiyo tofauti ya 10 ni mita 3 hivi kwa sekunde. Lori na trela lake, pamoja na nafasi ya kutokea na ya kurudia, si chini ya mita 40. Piga hesabu: sekunde 14 uko upande wa wenzako. Noah inayokuja 100 kwa muda huo inakula karibu mita 400.

Indiketa ya kushoto ichukue kama jirani anayekwambia mvua haitanyesha. Unamshukuru, halafu unatazama mbingu mwenyewe. Ya kulia ndiyo ya kutii bila maswali, maana iwe anakuonya au anakata kulia kweli, jibu ni moja tu, usipite. Na huyo aliyesogea pembeni ukapona, siku ukimkuta mizani mnunulie soda.

Helmeti ya elfu ishirini na ya laki moja na nusu zina tofauti gani zaidi ya bei? — Dogo wa Makambako

Igeuze, Dogo, tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara na namba, imeshonwa kwenye kamba ya kidevuni. Stika ya kubandika nyuma naweza kuichapisha hata mimi. Kisha bonyeza sponji la ndani. Kama chini ya kitambaa kuna godoro laini tu, hiyo ni kofia ya kukwepa trafiki. Panapaswa pawe na povu gumu jeupe au jeusi, lile la kubebea televisheni, kwa sababu lenyewe ndilo linalopasuka badala yako. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini iliyofungwa. Ukishaifunga, ishike kwa nyuma uivute kuja mbele. Ikivuka paji la uso, mrudishie muuzaji, hata kama umeshaipenda rangi.